Kumtafuta mzee wa ukoo katika Marekani ya zamani: alikotoka, alikopita, alikozikwa

Ukimtafuta mtu aliyefariki Marekani kabla ya 1850, jiwe la kaburi liache la mwisho. Wengi huanza nalo. Wanaandika jina kwenye tovuti ya makaburi, linakuja lundo la watu wenye jina hilo hilo, wanamchagua anayefanana-fanana na wao, wanambandika kwenye mti wa ukoo. Mwaka unaofuata wengine wameshanakili, na kosa limegeuka kuwa historia ya familia.

Haya nayaandika hasa kwa Waswahili waliooa au kuolewa huko. Siku moja mtoto anarudi na kazi ya shule ya kuchora ukoo. Upande wa Moshi au Mombasa unajazwa kwa simu moja kwa bibi. Upande wa pili baba mkwe anajikuna kichwa na kusema, "Walitoka Virginia, nadhani."

Njia nitakayoeleza inasimama juu ya jambo moja. Katika Marekani ya awali, ukiacha miji ya New England (majimbo ya kaskazini mashariki), karibu hakuna aliyejisumbua kusajili vifo. Majimbo mengi yalianza kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 19 na hata mwanzoni mwa karne ya 20. Ila ardhi, madeni na kodi waliviandika kwa bidii kubwa, maana hapo palikuwa na fedha. Na kwa kuwa familia nyingi za mashambani zilizika watu wao kwenye shamba lao, ukilipata shamba umekaribia kaburi. Kwa hiyo tunafuata ardhi.

Mfano wangu ni ukoo wa Rais Abraham Lincoln. Si kwa umaarufu wake. Ni kwamba ukoo ule ulihama kila kizazi, uliacha kila aina ya karatasi na kila aina ya kaburi, na yeye mwenyewe alijaribu kuufuatilia akakwama.

Anza kwa kuandika nani kasema nini

Chukua daftari. Kila jambo unaloambiwa liandike pamoja na jina la aliyesema na yeye alilijuaje. "Mjomba kasema, alisikia kwa mama yake" ni taarifa tofauti kabisa na "imeandikwa kwenye Biblia ya familia". Na hiyo Biblia ukiipata, tazama mwaka ilipochapwa. Kama ilichapwa 1830 na ndani mna tarehe za kuzaliwa za 1770 zenye mwandiko mmoja na wino mmoja, basi mtu alikaa akaziandika zote siku moja kwa kumbukumbu.

Mwaka 1859 Lincoln aliandika wasifu wake mfupi. Alijua kwamba babu yake, naye Abraham, alihama kutoka kaunti ya Rockingham, Virginia, kwenda Kentucky mnamo 1781 au 1782, akauawa huko na Wahindi Wekundu. Alijua kwamba kabla ya Virginia walikuwa Waquaker, dhehebu la Kikristo, wa kaunti ya Berks, Pennsylvania. Hapo ndipo alipoishia. Kuhusu akina Lincoln wa New England alisema jitihada za kuwaunganisha hazikuzaa kitu zaidi ya kufanana kwa majina ya kwanza: Enoch, Levi, Mordecai, Solomon, Abraham. Mwaka 1848, akiwa mbunge, alikuwa ameandikiana barua na Solomon Lincoln wa Hingham, Massachusetts, juu ya jambo hilo hilo.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba kweli walikuwa ndugu. Samuel Lincoln alitoka Hingham ya Norfolk, Uingereza, mwaka 1637, akiwa mtumishi wa mfuma nguo aitwaye Francis Lawes, akaishi Hingham mpya ya Massachusetts. Mjukuu wake Mordecai akaenda New Jersey, kisha Pennsylvania. Mtoto wa Mordecai, John, akateremka Virginia mwaka 1768. Mtoto wa John, Kapteni Abraham, akavuka milima hadi Kentucky. Mtoto wake Thomas akaenda Indiana mwaka 1816, kisha Illinois mwaka 1830. Rais ni mtoto wa huyo Thomas.

Lincoln hakukosea kusita. Majina yanayofanana ni dokezo zuri la mahali pa kuchimba, lakini halitoshi kuwa ushahidi, na alikuwa mwanasheria wa kutosha kulijua hilo.

Tengeneza ratiba ya mahali kabla ya mti wa watu

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, na ndipo ninapotaka ukae kwa muda.

Mtu aliyezaliwa mkoa wa Mwanza mwaka 1985 anaweza kukuta kwao leo ni Geita, na nyumba haijasogea hata hatua moja. Marekani mambo hayo yalikuwa ya kila mara. Kila watu walipoongezeka, kaunti iligawanywa, na vitabu vya zamani kwa kawaida vilibaki kwenye mahakama ya kaunti mama.

Tazama ukoo huu. Nyumba ya mawe aliyoijenga Mordecai mwaka 1733, ambayo ipo hadi leo, iko kaunti ya Berks. Lakini Berks ilizaliwa 1752. Kabla ya hapo ilikuwa Philadelphia. Shamba la John kwenye kijito cha Linville liko Rockingham, ila mwaka 1768 hapo palikuwa Augusta, kwa kuwa Rockingham ilianzishwa 1778. Kentucky yenyewe ilikuwa sehemu ya Virginia hadi 1792. Rais alizaliwa 1809 kaunti ya Hardin, na mahali hapo leo ni LaRue. Shamba la Indiana lilikuwa Perry familia ilipofika, likawa Spencer mwaka 1818.

Kwa hiyo chora jedwali lenye safu nne: mwaka, mahali panapoitwa leo, palivyoitwa wakati ule, na mahakama inayotunza vitabu vya wakati ule. Ramani za mabadiliko ya mipaka zimewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Newberry ya Chicago. Unaingiza tarehe, inakuonyesha kaunti zilivyokuwa siku hiyo.

Usipofanya hivyo utalipia. Kwa miaka mingi kulikuwa na minong'ono kwamba Thomas Lincoln na Nancy Hanks, wazazi wa rais, hawakufunga ndoa, kwa sababu waliotafuta kwenye vitabu vya Hardin, walikoishi, hawakuona kitu. Karatasi ilikuwa Washington, kaunti nyingine ya Kentucky, ambako ndoa ilifungwa tarehe 12 Juni 1806. Iliibuliwa mwaka 1878, miaka 13 baada ya rais kuuawa. Na hiyo ni familia ya rais. Ya baba mkwe wako nani kaitafutia?

Tafuta jina kwa masikio

Karani aliandika alichosikia. Samuel ameandikwa Lincorne kwenye orodha ya abiria ya 1637. Kuna kaburi la mtoto Deborah huko Monmouth, New Jersey, binti ya Mordecai, aliyefariki 1720 akiwa na miaka mitatu na miezi kadhaa. Kwenye jiwe wamechonga LINCON. Ardhi ya Kapteni Abraham huko Kentucky imeandikishwa kwa jina la Linkhorn.

Tamka jina kwa sauti kama mzee wa kijijini angelitamka, kisha andika kila namna inayoweza kutokea. Majina ya Kijerumani yalibadilishwa zaidi: Müller akawa Miller, Schmidt akawa Smith, Zimmermann akawa Carpenter kwa maana ya kazi yake. Kwenye FamilySearch, ambayo ni ya bure na ndiyo ningeanza nayo kabla ya tovuti yoyote ya kulipia, tumia alama ya nyota badala ya herufi usizo na hakika nazo: Lin*n, Link*.

Sensa: pita haraka

Sensa ya kwanza ni ya 1790. Kuanzia hapo hadi 1840 ameandikwa mkuu wa kaya tu, wengine ni idadi kwa umri na jinsia. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa jina. Karatasi za 1790 za Virginia na Kentucky hazipo tena, na za 1890 karibu zote zilipotea kufuatia moto wa 1921. Tumia sensa kujua familia ilikuwa wapi mwaka fulani na majirani walikuwa nani. Usiitegemee zaidi ya hapo.

Ardhi, ambako kazi yenyewe iko

Kuna mifumo miwili na lazima ujue uko kwenye upi.

Kwenye makoloni ya zamani na Kentucky, shamba lilielezwa kwa alama za asili: kuanzia mwaloni mweupe ukingoni mwa kijito, kuelekea kaskazini nyuzi 40 mashariki, fito 120 hadi jiwe lililo kwenye kona ya shamba la fulani. Fito moja ni kama mita tano. Usiruke maelezo hayo kwa kuona ni ya wapima ardhi. Mna humo jina la kijito na majina ya majirani, na hivyo viwili ni dhahabu. Jina la kijito halibadiliki kirahisi. Kwenye ramani za zamani za shirika la jiolojia la Marekani, USGS, ambazo ni bure, kijito cha Linville bado kiko pale pale.

Nunua au pakua programu ndogo ya kuchora vipimo hivyo, au tumia rula na protrekta ya mtoto. Chora shamba, likate, lisogeze juu ya ramani mpaka kona ikae kwenye mkondo wa kijito. Ukichora na mashamba ya majirani, yanaanza kushikana. Ni kazi ya jioni kadhaa, na kwangu ndiyo yenye raha kuliko zote.

Kwa kila shamba unataka hati mbili: ya kununua na ya kuuza. Ya kununua mara nyingi inataja mahali mnunuzi alikotoka. Ya kuuza nayo huenda ikasema muuzaji sasa anakaa wapi. Kapteni Abraham aliuza ardhi yake ya Rockingham mwaka 1780, na mwaka huo huo alikuwa na vibali vya ardhi ya Kentucky. Hati hizo mbili zikiwekwa pamoja, safari nzima inaonekana bila barua hata moja ya familia. Katika hati ya kuuza tafuta pia mke: sheria ilidai aulizwe faraghani kama amekubali kuachia haki yake ya ujane juu ya shamba. Ni mahali pachache sana ambapo jina la mwanamke wa karne ya 18 linaandikwa.

Ukikuta mtu hakurithi, uliza sheria ya urithi ya siku ile. Kapteni Abraham aliuawa 1786 bila wosia. Sheria ya Virginia iliyokuwa bado inatumika ilimpa ardhi mtoto wa kwanza wa kiume, Mordecai. Thomas, mdogo wa mwisho kati ya wana watatu, akabaki kibarua wa kuhama-hama. Umaskini wa nyumba aliyozaliwa rais una mzizi wake katika tarehe: Virginia ilikuwa imeshapitisha sheria ya kufuta utaratibu huo, ila ilianza kufanya kazi Januari 1787.

Mfumo wa pili ni wa miraba. Kuanzia 1785 ardhi ya serikali kuu kaskazini mwa mto Ohio ilipimwa kabla ya kuuzwa: mraba wa maili sita kwa sita, ndani yake vipande 36, kila kimoja ekari 640, robo yake 160. Ndiyo maana watu wa Kentucky walivuka mto. Kwao Kentucky miti ya mipakani ilianguka, wapimaji walipishana, shamba moja likawa na wenyewe watatu. Rais alisema baba yake aliondoka Kentucky kwa kiasi fulani kwa ajili ya utumwa, lakini hasa kwa ugumu wa hatimiliki za ardhi.

Hati za mfumo wa miraba zimo kwenye tovuti ya idara ya ardhi ya serikali kuu, ile ya GLO. Unaandika jina na jimbo, unapata nakala. Angalizo: tarehe ya hati si tarehe ya kufika. Thomas alifika Indiana mwishoni mwa 1816, akaandikisha robo ya ekari 160 kwenye ofisi ya Vincennes Oktoba 1817, na hati ya mwisho ilitoka 1827, kwa ekari 80 tu, baada ya kuirudisha nusu nyingine. Anayesoma hati peke yake atasema mzee alihamia mwaka 1827.

Kodi

Vitabu vya kodi vya Virginia, kuanzia 1782, na vya Kentucky baada yake vinaenda mwaka kwa mwaka. Fungua mmoja mmoja, usiruke. Kijana akitokea kwa mara ya kwanza, amefikia umri wa kutozwa. Mwanaume akitoweka na mwaka unaofuata jina la mwanamke limeshika shamba lile lile, umepata mwaka wa kifo ndani ya miezi michache. Akitoweka yeye, mke na mifugo kwa pamoja, wamehama. Fungua hati za ardhi uone waliuza lini.

Hapo mtazame na jirani. Watu hawakuhama peke yao. Akina Lincoln wa Berks waliishi jirani na akina Boone, ukoo wa Daniel Boone, mtangulizi maarufu wa walowezi wa Kentucky, wakaoana. Akina Boone walipoondoka Pennsylvania mwaka 1750 walipitia bonde la Shenandoah, Virginia, kwenye Barabara Kuu ya Magari ya Farasi iliyotoka Philadelphia kwenda kusini, wakaishia Carolina Kaskazini. Miaka 18 baadaye John Lincoln akashika njia ile ile. Ukipoteza mtu wako, mfuate jirani yake mwenye jina la nadra. Mara nyingi mtakutana mbele.

Kanisa, na tarehe zake za ajabu

Waquaker ni neema kwa mtafiti. Mtu akihama alipewa cheti cha kumtambulisha kwenye mkutano wa huko aendako, na vyeti vimeandikwa pande zote mbili. Wabaptisti walikuwa na barua za namna hiyo. Kwenye kumbukumbu za kanisa la Little Pigeon, Indiana, Juni 1823, Thomas Lincoln amepokelewa "kwa barua", na mkewe wa pili kwa ushuhuda wake mwenyewe. Neno hilo moja, barua, linakuambia Thomas alikuwa mshirika wa kanisa lingine kabla ya hapo, na sasa unajua kitabu cha kutafuta Kentucky. Wajerumani walikuwa na vitabu vya ubatizo vya Kilutheri na Kireformati, na kuanzia 1727 wanaume wao walioshuka Philadelphia waliapishwa na kuorodheshwa. Waingereza hawakuorodheshwa hivyo kwa kuwa walikuwa raia tayari, kwa hiyo usihangaike sana na meli yao.

Tarehe za kabla ya 1752 zinahitaji uangalifu. Mwaka wa Kiingereza ulianza 25 Machi. Februari ya 1719 kwa hesabu yao ni Februari 1720 kwa hesabu yetu, ndiyo maana utakuta 1719/20. Waquaker hawakutaja miezi kwa majina, na "mwezi wa kwanza" wao wa siku hizo ni Machi. Nakili tarehe kama ilivyo, kisha tafsiri yako iweke pembeni.

Mirathi

Wosia ni mzuri, lakini usiishie hapo. Omba faili lote: orodha ya mali, mnada, hesabu za msimamizi. Wanunuzi wa mnada ni wakwe, ndugu na majirani. Mjane hununua sufuria zake mwenyewe kwa senti. Hesabu za msimamizi huwa na malipo ya fundi wa jeneza na ya wiski ya siku ya mnada. Tarehe ya jeneza ni karibu sana na tarehe ya kifo, kuliko tarehe ya kusajili wosia ambayo inaweza kuchelewa miezi mingi.

Kama mzee alipigana vita vya uhuru na alikuwa hai mwaka 1832, omba faili la pensheni yake. Sheria ya mwaka huo iliwataka wazee wajibu mahakamani: ulizaliwa wapi na lini, ulikuwa unaishi wapi ulipoitwa vitani, umeishi wapi tangu vita viishe. Ni hadithi ya kuhama kwa kinywa chake mwenyewe, chini ya kiapo. Faili hizo zimo kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa, na nyingi zinasomeka mtandaoni.

Waliozikwa bila jina

Kwenye kilima juu ya shamba la Lincoln huko Virginia kuna makaburi ya familia, akiwemo John aliyefariki 1788. Kumbukumbu za mahali hapo zinasema wamelala vizazi vitano vya akina Lincoln pamoja na watumwa wawili wa familia. Ndiyo, ukoo wa aliyevunja utumwa ulikuwa nalo tawi la Virginia lililomiliki watu.

Kama unayemtafuta alikuwa mtumwa, ngazi zote za juu bado zinafaa, ila unafuata karatasi za bwana. Sensa za 1850 na 1860 zina orodha za watumwa kwa umri na jinsia tu chini ya jina la mmiliki. Majina yamo kwenye mirathi: orodha ya mali inawataja mmoja mmoja, na bei, katikati ya ng'ombe na majembe. Inauma kusoma. Soma polepole na nakili wote, hata wasiokuhusu. Anza na sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina, halafu vitabu vya ofisi ya serikali iliyowahudumia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe (Freedmen's Bureau) na vya benki yao, ambavyo wakati mwingine vinamtaja bwana wa zamani. Kutoka hapo unarudi nyuma.

Asili zao wengi ni Afrika Magharibi na Kongo-Angola, lakini upande wetu wa bahari haukukosekana: kati ya 1719 na 1721 meli zilishusha Virginia watu waliochukuliwa Madagaska. Na makaburi yao usidhani yalikuwa mashambani tu. Mwaka 1991 wajenzi wa jengo la serikali huko Manhattan walikuta makaburi ya Waafrika ya karne ya 17 na 18; mabaki ya watu 419 yalitolewa, yakazikwa upya mwaka 2003.

Sasa kaburi

Kwanza karatasini. Chukua shamba ulilolichora, fuatilia hati zake za kuuzwa kwenda mbele, mmiliki hadi mmiliki, hata miaka mia. Unatafuta sentensi moja: muuzaji anapotenga robo ekari au nusu ekari ya makaburi isiwe sehemu ya mauzo. Tafuta maneno "graveyard", "burying ground" na "excepting". Sentensi hiyo ikipatikana na kipimo chake, umepata mahali hata kama hakuna jiwe lililosimama.

Kisha ramani za zamani za USGS, zinazoonyesha makaburi madogo kwa alama. Kisha tovuti za makaburi, Find a Grave na BillionGraves, na hapo tofautisha picha ya jiwe na maelezo ya aliyeiweka. Jiwe lenye chuma kinachong'aa na tarehe kamili za mtu aliyefariki 1786 limewekwa na wajukuu wa vitukuu. Ni kumbukumbu, na chanzo chake huenda ni kitabu kile kile unachokihoji. Kaburi la Nancy Hanks Lincoln ndilo somo. Alifariki 5 Oktoba 1818 kwa sumu ya maziwa ya ng'ombe waliokula gugu la msituni. Akazikwa kilimani karibu na kibanda, na jiwe linaloonekana leo liliwekwa 1879. Mahali panajulikana kwa ushuhuda wa majirani, wala si kwa jiwe.

Ukienda mwenyewe, nenda majira ya baridi au mwanzo wa machipuko, majani yakiwa yamelala na nyoka pia. Panda kilima kilicho karibu na nyumba ya zamani, mahali ambapo maji hayatuami. Tazama mierezi iliyosimama peke yake, na zulia la mmea wa vinka wenye maua ya zambarau ambao ulipandwa makaburini na haufi. Kichwa kilielekezwa magharibi, miguu mashariki. Mawe ya kawaida yasiyoandikwa, moja kubwa na jingine dogo mbele yake kama urefu wa mtu, ni kaburi. Yakiwa karibu karibu, ni mtoto. Ardhi iliyobonyea kwa mistari inayolingana ni makaburi pia. Huko Knob Creek, Kentucky, mdogo wa rais aliyefariki mchanga anatambulika kwa jiwe dogo lenye herufi mbili tu, T.L.

Shamba lina mwenyewe. Piga simu kabla, jitambulishe, taja mtu unayemtafuta. Virginia ina sheria inayowaruhusu wazao na watafiti wa nasaba kufika kwenye makaburi yaliyo ndani ya ardhi ya mtu, mradi watoe taarifa ya kutosha, lakini mlango unaofunguliwa kwa heshima ni bora kuliko unaofunguliwa kwa kifungu. Mwenye shamba mzee mara nyingi anajua mawe yalihamishiwa wapi trekta lilipoingia.

Jiwe usilisugue. Usipake chaki, unga wala krimu ya kunyolea, usitumie jiki wala brashi ya waya. Maji safi na brashi laini yanatosha. Herufi zisiposomeka, subiri jua lishuke, au shika kioo kipeleke mwanga kwa ubavu, vivuli vitazijaza. Piga picha ya jiwe, ya nyuma yake, ya jirani zake na ya eneo zima. Nakili maandishi mstari kwa mstari pamoja na makosa yake, ukianza na LINCON kama ni LINCON. Chukua viwianishi vya GPS kwa simu, uvisome mara mbili kwa muda tofauti.

DNA, kwa kifupi

Kipimo cha ukoo wa kiume kinaweza kukuambia kama familia mbili za jina moja zina baba mmoja wa zamani. Hakikuambii ni nani, wala alizikwa wapi. Kipime ukiwa tayari na swali la karatasi linalohitaji ndiyo au hapana.

Namna ya kuandika ulichopata

Kwa kila mzee andika kaburi kwa ngazi yake ya uhakika. "Amezikwa hapa" ni kwa jiwe la wakati ule au sentensi ya hati. "Inasemekana amezikwa hapa" ni kwa mapokeo yenye majina ya waliosimulia: Kapteni Abraham kwenye makaburi ya kanisa la Long Run karibu na Louisville anaingia hapa, kwa kuwa kanisa lilijengwa baada yake na wapo wanaobisha. "Alifariki akimiliki shamba hili, kaburi halijaonekana" ni jibu halali kabisa, na litamsaidia atakayefuata kuliko jiwe la kubahatisha. Tahadhari pia na waliohamishwa: Daniel Boone alizikwa Missouri 1820, mwaka 1845 Kentucky ikachukua mifupa ikaizika Frankfort, na Missouri hadi leo kuna wanaosema waliyemchukua siye.

Peleka nakala moja kwenye chama cha historia cha kaunti husika pamoja na mchoro wa shamba na viwianishi, nyingine kwa ndugu wa baba mkwe, na nyingine iweke FamilySearch ukiambatanisha picha za hati zenyewe. Hati za shamba ulizozisoma bila kukuta kitu ziorodheshe nazo, kwa namba ya kitabu na ukurasa.